Brusela kwa mbuzi na kondoo: imeenea kwa kiasi gani hasa?

Mwenye Zizi

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba kueleweshwa jambo ambalo kadiri ninavyolisoma ndivyo linavyozidi kunichanganya. Nina kundi la wanyama 60, mbuzi 45 na kondoo 15, wanaolala zizi moja na kuchungwa pamoja. Msimu huu mbuzi watatu walitupa mimba ndani ya majuma mawili, wote wakiwa wamebakiza kama mwezi mmoja na nusu kuzaa, na mmoja wao zalio halikutoka mpaka siku ya tatu. Kila niliyemsimulia alinijibu kwamba hiyo ni brusela, na kwamba siku hizi ugonjwa huo uko kila mahali.

Nilimwita mtaalamu, akachukua damu ya wanyama 10, na majibu yakarudi kwamba hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wakati huohuo jirani ninayechangia naye malisho alipima wanyama wake 12, na 3 wakakutwa nao. Nikaamua kutafuta takwimu ili nijue nisimamie wapi, lakini andiko moja linataja mnyama 1 katika 100, jingine linataja 3 katika 10, na la tatu linadai kwamba nusu ya mazizi yaliyochunguzwa yalikuwa na ugonjwa. Haiwezekani yote yakawa kweli, au ndivyo ninavyofikiri mimi.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ugonjwa huu umeenea kwa kiasi gani hasa miongoni mwa mbuzi na kondoo? Pili, je, majibu ya wale wanyama wangu 10 yanatosha kunifanya nilale usingizi?

Daktari wa Zizini

Ndugu Mwenye Zizi, pole kwa hasara. Takwimu zote tatu ulizozisoma zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Nyingine huhesabu wanyama, nyingine huhesabu mazizi, na kwa ugonjwa huu tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mfano wa mazizi 100, kila moja likiwa na wanyama 40, yaani jumla ya wanyama 4,000. Tuseme walioambukizwa ni 200. Atakayehesabu wanyama ataandika asilimia 5, na msomaji atadhani kwamba katika kila zizi kuna mgonjwa mmoja au wawili. Lakini brusela haijigawi hivyo. Yawezekana kabisa hao 200 wote wamo katika mazizi 20 tu, robo ya kila zizi ikiwa imeambukizwa, na mazizi 80 yaliyobaki hayana hata mmoja. Atakayehesabu mazizi ataandika asilimia 20, atakayepima ndani ya zizi moja lililoathirika ataandika asilimia 25, na wote watatu watakuwa wamesema kweli juu ya wanyama walewale.

Sababu ya ugonjwa kujikusanya namna hiyo iko katika njia yake ya kusambaa. Bakteria anayehusika zaidi kwa mbuzi na kondoo anaitwa Brucella melitensis, na mnyama anapotupa mimba hutoa bakteria hao kwa wingi wa kutisha katika kijusi, zalio na majimaji yanayofuata. Wenzake hunusa, hulamba, hula majani yaliyochafuka, na baada ya siku chache zizi zima linakuwa limeguswa. Mbuzi anaweza kuendelea kutoa bakteria ukeni kwa miezi 2 hadi 3, ilhali kondoo kwa kawaida huacha ndani ya majuma 3 hivi. Isitoshe, mbuzi wengi wakishaambukizwa hubaki na ugonjwa, na wengine huutoa katika maziwa msimu baada ya msimu, wakati baadhi ya kondoo huweza kujiponya wenyewe. Ndiyo maana ukiambiwa asilimia fulani ya "mbuzi na kondoo", uliza kwanza ni wangapi walikuwa mbuzi.

Kuhusu ueneaji duniani, hakuna namba moja inayofaa. Maeneo ambayo ugonjwa huu umejikita kwa muda mrefu ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati, Asia ya Kati, na sehemu za Afrika na Amerika ya Kusini. Kwa upande mwingine, nchi za kaskazini mwa Ulaya, Kanada, Australia na Nyuzilandi hazina B. melitensis katika mifugo yao. Hata hivyo Australia na Nyuzilandi zina ndugu yake, B. ovis, ambaye hushambulia hasa kondoo dume na kuvimbisha mrija unaohifadhi mbegu nyuma ya korodani, na ambaye hajulikani kumwambukiza binadamu. Ripoti inayosema "brusela kwa kondoo" bila kutaja ni bakteria yupi imeacha nje jambo la kwanza ambalo msomaji alipaswa kujua.

Sasa nije kwa wale 10 wako. Tuseme katika wanyama wako 60 walioambukizwa ni 3. Ukichagua 10 bila mpangilio wowote na kuwapima kwa kipimo kisichokosea kamwe, uwezekano wa kuwakosa wagonjwa wote watatu ni asilimia 57. Yaani majibu safi kama uliyoyapata yangetokea mara nyingi zaidi kuliko kutotokea, ugonjwa ukiwa umo ndani. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba usingekosa kumpata angalau mmoja, ingekupasa kupima wanyama 38. Katika kundi dogo kama lako, ni heri kupima wote wakubwa na kuachana na bahati nasibu.

Nina swali moja ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu hizo: hao 10 walichaguliwaje, na je, wale watatu waliotupa mimba walikuwemo?

Niongeze kwamba kutupa mimba peke yake si ushahidi wa brusela. Klamidia, toksoplazma, homa ya Q, homa ya Bonde la Ufa, salmonela na kampilobakta wote hutupisha mimba mbuzi na kondoo, na baadhi yao hufanya hivyo katika miezi ileile ya mwisho. Waliokuambia "hiyo ni brusela" kwa kusikia tu walikuwa wakibahatisha, hata kama itakuja kuonekana kwamba walibahatisha vizuri.

Mchunga wa Siku Nyingi

Daktari, kwa heshima zote, nimechunga mbuzi tangu utotoni na hizi asilimia sijaona zikimsaidia mfugaji. Mimi ugonjwa huu ulinipiga mwaka mmoja, mbuzi 11 wakatupa mimba kwa mfululizo, nikadhani kundi limekwisha. Mwaka uliofuata walizaa vizuri, isipokuwa mmoja. Mwaka wa tatu hakuna aliyetupa. Kwa hiyo mimi namwambia ndugu yetu asihangaike sana, kwa kuwa ugonjwa huja kama upepo na huondoka kama upepo. Jambo pekee lililonisumbua baadaye ni homa yangu mwenyewe, iliyokuwa ikipanda jioni na kushuka asubuhi, na jasho la usiku, na maumivu ya kiuno yaliyonifanya nishindwe kukamua. Nilitibiwa maradhi mengine mara tatu kabla ya mtu mmoja kuniuliza kama nafuga.

Fundi wa Maabara

Mzee wangu, pole sana, na nashukuru umeisimulia homa hiyo, kwa sababu inajibu hoja yako mwenyewe. Upepo haukuondoka. Mbuzi aliyeambukizwa kwa kawaida hutupa mimba mara moja, kisha mimba zinazofuata huzifikisha mwisho kama aliye mzima, huku akiendelea kutoa bakteria anapozaa na anapokamuliwa. Mfugaji anayehesabu mimba zilizotupwa anaona ugonjwa umeisha, kumbe umetulia, na mara nyingi wa kwanza kuugundua tena ni mwili wa mtu anayekamua au anayezalisha kwa mikono mitupu. Kama ulikunywa dawa siku chache tu na homa ikatulia, nakushauri urudi hospitalini ukaeleze historia hiyo. Tiba ya kawaida ya binadamu huhusisha dawa mbili kwa pamoja, doksisaiklini ikiwa mojawapo, na doksisaiklini hiyo humezwa kwa majuma 6. Anayeikatisha mapema huugua tena.

Jambo hili la mnyama anayeonekana mzima si jipya. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimtambua bakteria huyu kutoka kwa askari waliokufa kwa homa huko Malta, lakini kwa miaka 18 hakuna aliyejua homa hiyo inatoka wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Kimalta, alipima damu za mbuzi wa kisiwa hicho, mbuzi walionona na wasio na dalili yoyote, akakuta karibu nusu yao wana alama za maambukizi, na karibu mmoja katika kumi anatoa bakteria katika maziwa. Angalieni namba hizo mbili. Ukiuliza wangapi waliwahi kukutana na ugonjwa, jibu ni nusu. Ukiuliza wangapi siku ile walikuwa wakimwaga bakteria kwenye ndoo, jibu ni moja ya kumi. Jeshi la Uingereza kisiwani humo lilipoacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa kwa askari ilishuka ghafla.

Naomba niongeze upande wa kipimo, ambao Daktari ameupita haraka kwa kusema "kipimo kisichokosea kamwe". Hakipo. Kinachotumika zaidi kwa kuanzia ni Rose Bengal, ambacho hakimtafuti bakteria mwenyewe bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, zilizomo katika majimaji ya damu. Unaweka tone la majimaji hayo na tone la rangi ya waridi lenye bakteria waliouawa, unachanganya, unatikisa kibao taratibu kwa dakika 4, kisha unatazama kwenye mwanga kama kuna chembechembe zinazoshikamana. Kwa ng'ombe matone hayo huwa na ujazo sawa. Kwa mbuzi na kondoo inashauriwa kuweka mikrolita 75 za majimaji ya damu kwa 25 za rangi, kwa sababu ukitumia vipimo vya ng'ombe utawakosa baadhi ya wagonjwa. Nimewahi kurudia sampuli za kundi moja kwa njia hii ya pili na kuona vibao viwili vilivyokuwa laini kama maziwa vikifanya chembe ndogo ukingoni mwa tone. Wanyama walewale, damu ileile, lakini majibu mawili tofauti.

Tazameni pia namna kosa dogo linavyopindisha asilimia. Tuseme tuna kipimo kinachowagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinachowatambua wazima 98 katika kila 100. Katika wanyama 1,000 wenye wagonjwa 20, kitawakamata 18, lakini kati ya wazima 980 kitawasingizia karibu 20. Ripoti itasema 38, yaani asilimia 3.8, ilhali ukweli ni 2, na zaidi ya nusu ya waliotajwa hawana kitu. Sasa chukueni wanyama 1,000 wenye wagonjwa 300. Kipimo kilekile kitawakamata 270 na kuwasingizia 14, na ripoti itasema asilimia 28.4, pungufu ya ukweli. Kwa hiyo mahali ambapo ugonjwa ni adimu takwimu hupanda kuliko hali halisi, na mahali ulipokithiri hushuka. Hii ndiyo sababu sampuli iliyoonekana chanya kwa Rose Bengal hurudiwa kwa njia nyingine, kama vile kipimo cha uunganishaji wa komplimenti au Elaiza, ambavyo navyo husaka kingamwili maabara, na mimi binafsi siamini asilimia ndogo ndogo zilizotokana na kipimo kimoja bila kurudiwa.

Wanaosingiziwa nao wana sababu zao. Wapo bakteria ambao ganda lao la nje linafanana mno na la brusela, hasa Yersinia enterocolitica wa aina ya O:9. Chanjo ya brusela iitwayo Rev.1 nayo huacha kingamwili zilezile, hivyo kundi lililochanjwa likipimwa mapema linaweza kuonekana lote ni gonjwa. Kuwachanja wadogo wa miezi 3 hadi 6 kwa tone la jicho, badala ya sindano, hupunguza sana tatizo hilo. Kinyume chake, kondoo dume mwenye B. ovis atapita katika Rose Bengal kama aliye safi, kwa kuwa kipimo hicho hakikutengenezwa kumwona.

Mwenye Zizi

Nawashukuru nyote, na Mzee nakuombea afya. Daktari, swali lako limenitia aibu kidogo. Hao 10 walikuwa ni wale waliokamatika kwa urahisi asubuhi ile kabla ya kundi kutoka. Nimepitia daftari langu na kuona kwamba 7 kati yao walikuwa wana-mbuzi na wana-kondoo wa miezi 4 au 5, na 3 ni majike wakubwa. Waliotupa mimba hawakuwemo. Wawili walikuwa wameshatangulia malishoni, na wa tatu, yule ambaye zalio lilichelewa, nilikuwa nimemuuza siku tano kabla, kwa kuwa niliona hana faida tena.

Daktari wa Zizini

Usione aibu, ndugu. Wanyama wepesi kukamatika ndio wanaojaza takwimu nyingi ulizozisoma. Lakini kwa maelezo hayo majibu yako hayana uzito, si kwa upande wa kukutuliza wala wa kukutisha. Wadogo ambao hawajabeba mimba mara nyingi huonekana hasi hata wakiwa wameambukizwa, na kingamwili zao hujitokeza baadaye, wanapozaa au kutupa mimba ya kwanza. Ulichopima kwa kweli ni majike 3.

Pima hao wawili waliotupa mimba, majike wote wakubwa na beberu pamoja na kondoo dume. Ikiwa tangu walipotupa hayajapita majuma matatu, wapime sasa na uwarudie baadaye, kwa sababu damu inaweza kuwa haijaonyesha chochote bado. Kama bado wanatokwa na uchafu ukeni, mwombe mtaalamu achukue sampuli yake kwa pamba, kwani kumwotesha bakteria mwenyewe maabara ndiko kunakomaliza ubishi, na hapohapo wachunguze klamidia na wenzake. Mpaka majibu yarudi, watenge hao wawili. Yeyote atakayetupa mimba tena usimguse bila glavu, na kijusi na zalio uvizike kwa kina au uvichome mbwa wasivifikie. Maziwa yachemshwe yote, yakiwemo ya kugandisha, kwa kuwa kugandisha pekee hakuwaui bakteria hawa. Usichanje kwanza: Rev.1 ikimpata jike mwenye mimba inaweza yenyewe kumtupisha, na itavuruga vipimo ambavyo hatujavifanya.

Mzee wetu alisema asilimia hazimsaidii mfugaji. Mfano unaonifanya nisikubaliane naye ni Ugiriki, iliyochanja mbuzi na kondoo kwa miaka mingi hadi wengi wakaamini ugonjwa umekwisha, ikasitisha chanjo mwaka 1994, mimba zikaanza kutupwa tena na watu kuugua, na mwaka 1998 ikalazimika kuirudia. Kwa binadamu, kwa miaka mingi ilitajwa kwamba wagonjwa wapya duniani ni laki 5 kwa mwaka, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2023 yamepandisha idadi hiyo hadi kati ya milioni 1.6 na 2.1. Wagonjwa hawakuongezeka mara nne kwa ghafla. Wengi wao walikuwa kama Mzee, wakitibiwa maradhi mengine.

Umesema ulimuuza yule wa tatu. Yuko wapi?

Mwenye Zizi

Nimempigia simu aliyemnunua kabla ya kuandika hapa. Anasema alimchanganya na kundi lake jioni ileile, kwamba mbuzi ana afya nzuri na anakamuliwa, na kwamba ana majike 9 wenye mimba wanaolala naye. Nimemweleza yote niliyoyasoma hapa, naye amekubali kumtenga na kuchemsha maziwa. Mtaalamu anakuja Jumamosi, na nimemwomba apitie kwake kwanza.